Mafao ya Kola

Chumba cha dobi cha hoteli ile kilikuwa chini kabisa ya jengo, mahali ambapo wageni hawafiki hata kwa kupotea njia. Mvuke ulitanda humo tangu asubuhi mpaka jioni, na aliyeingia kwa mara ya kwanza alihisi kama ametumbukizwa kwenye sufuria iliyofunikwa. Humo ndimo alimofanya kazi mwanamke ambaye wenzake walimwita Kola, kwa sababu kola ya shati ikishapita mikononi mwake ilisimama yenyewe kama askari anayesubiri kukaguliwa. Kuna wageni waliorudi hotelini mwaka hata mwaka, wakaagiza mashati yao yapelekwe "kwa yule mama", bila kumjua jina wala sura.

Alianza hapo akiwa msichana wa kulisha mashuka kwenye mashine ya roli inayoyanyoosha. Miaka ilivyokwenda akapandishwa mpaka meza ya mashati, ambako hawekwi mtu ovyo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiungua na pasi alikwenda bombani, akamwagia maji, akarudi mezani, basi. Mtu mwenye kulalamika, kwake, alikuwa kama mtu aliyetoka nje nguo zikiwa hazijakaa sawa: unageuza macho kwa kumstahi.

Mumewe alikuwa kinyozi, mwanamume mwembamba mwenye mdomo mwepesi, mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Wateja walisema kwake unalipia nywele tu, vichekesho ni nyongeza. Watoto wao wawili walikuwa wameshatoka nyumbani, kila mmoja na maisha yake na mzigo wake.

Ugonjwa ulianza na kidole kimoja cha mkono wa kulia. Asubuhi kilikuwa kigumu kama kijiti, ikifika adhuhuri kinalainika. Kola akasema ni uchovu. Kikaja kidole cha pili, kikaja cha tatu, kisha mkono wa kushoto nao ukafuata, na vifundo vikavimba vikawa na joto kama vimetoka jikoni. Hospitali wakamwambia ni baridi yabisi.

"Mwili unajishambulia wenyewe, mama," daktari alimweleza.

"Nimeukosea nini?" Kola akauliza.

Daktari alitabasamu, halafu akaona hakuwa anatania.

Kola alijikaza kisabuni. Alifika kazini kabla ya wenzake, akatumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji ya moto mpaka vidole vikubali kukunjika. Aliposhindwa kufungua chupa ya wanga, alimsingizia aliyeifunga. Wenzake waliona, wakanyamaza, kwa kuwa walimjua. Ndipo siku moja pasi ikamponyoka, ikatua kifuani pa shati la mgeni, ikaacha alama ya kahawia. Msimamizi wa dobi, mtu aliyefanya naye kazi tangu wote wakiwa vijana, hakumfokea. Alimshika mikono, akaigeuza juu na chini.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Hakukuwa na la kukuambia."

Alipewa likizo ya ugonjwa, ikaongezwa, ikaisha. Mwishoni hoteli ikamwachisha kazi kwa sababu za kiafya, kwa maneno mazuri na keki ndogo ambayo wenzake walimkatia wao, kwa vile kisu hakikukaa mkononi mwake.

Yule msimamizi ndiye aliyemfungua macho. Alimfuata mpaka nje, mlango wa nyuma, pale zinapowekwa toroli za nguo chafu.

"Ule mfuko wa pensheni tunaokatwa kila mwezi, ndani yake kuna bima ya ulemavu," alimwambia. "Mtu akiumwa mpaka kazi imshinde, bima inamlipa kila mwezi hadi umri wa kustaafu. Umekatwa miaka yote hii, dada. Kadai haki yako."

Kola hakuwahi kujua. Alipomsimulia mumewe jioni ile, kinyozi alifurahi mpaka akasimama. "Wametia mkono mfukoni mwako miaka yote," alisema. "Sasa na wewe kautie kwenye mfuko wao!"

Haikuwa rahisi hivyo. Watu wa mfuko walimwelekeza kwenye kampuni ya bima. Kampuni ya bima ikasema fomu lazima zitoke kwa mwajiri. Hoteli ikasema fomu zilishapelekwa mfuko. Mfuko ukasema zimefika lakini ukurasa mmoja haukupigwa muhuri. Alipigwa danadana hivyo kwa miezi, akikaa kwenye mabenchi ya plastiki, mikono ameificha ndani ya kanga, na kila aliyemhudumia alikuwa na adabu na kila mmoja alimwambia apite wiki ijayo. Hatimaye jibu likatoka: ushahidi wa ulemavu hautoshi, ombi limekataliwa.

"Basi," alisema Kola.

"Basi nini?" mumewe akamjia juu. "Mke wangu, wewe umeajiriwa na ugonjwa sasa, na huko hakuna likizo. Tutafute mwanasheria."

Ofisi ya msaada wa kisheria ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kila fundi wa chini alipojaribu injini, wa juu walilazimika kunyamaza mpaka amalize. Wakili aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, viatu kavivua chini ya meza, na mbele yake majalada yamerundikana mpaka ilibidi ayasogeze ndipo waonane uso kwa uso. Hakuwatoza kitu. Alisoma makaratasi yao yote kimya, akiuma mfuniko wa kalamu.

"Mama, nitakuambia ukweli ili usije ukanilaumu," alisema. "Hapa tatizo ni neno moja. Mkataba wa bima hausemi mtu asiyeweza kazi yake. Unasema mtu asiyeweza kazi yoyote."

"Mimi najua kazi moja tu, mwanangu."

"Najua. Na hapo ndipo tutakapopigania. Kwa umri wako, elimu yako, kazi uliyozoea, tuseme hiyo kazi nyingine haipo duniani. Lakini kwanza tuombe upimwe upya na daktari wao. Wakikubali, siku hiyo ndiyo siku yetu."

Chini pikipiki ikanguruma. Wakasubiri. Iliponyamaza, wakili aliinama mezani akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara: "Ukifika kwa daktari, usijikaze. Pakiuma, sema panauma. Ukishindwa, shindwa. Asikuone kama mgeni aliyekuja kutembea. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alijibu Kola, na alisema hivyo kwa moyo wake wote.

Siku ya kupimwa aliamka mapema kuliko ilivyohitajika. Alimwomba mumewe amtolee gauni lake la kijani, lile la sherehe za watu. Kinyozi alimfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, akamchana nywele, akamvisha viatu. Kola alimeza vidonge viwili vya maumivu, kwa sababu hakutaka kumtaabisha daktari kwa kuguna. Miadi ilikuwa mchana, saa ambazo vidole vyake vilikuwa na nafuu kidogo.

Daktari wa bima alikuwa mzee mpole, chumba chake kina feni na picha ya mfupa wa mgongo ukutani. Kola alipoingia, daktari aliinuka nusu kwa heshima.

"Karibu mama. Hujambo?"

"Sijambo, daktari. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za nyumbani? Hali yako?"

"Nzuri tu, namshukuru Mungu."

Alimwambia akunje vidole. Kola akavikunja kadiri alivyoweza, meno ameyauma. Akamwambia ashike chupa ya maji. Akaishika kwa viganja viwili, akaiinua. Alipoulizwa kama panauma alisema, "Kidogo." Kalamu ya daktari ilibingirika ikadondoka, na kabla hajafikiri, Kola alikuwa ameshainama kuiokota. Alihangaika nayo sakafuni, akaibana kati ya viganja, akamrudishia mzee wa watu kalamu yake. Alikuwa mgeni katika chumba cha mtu. Angefanya nini?

Nje, mumewe alimuuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Taarifa ilipofika, wakili aliwaita. Aliwasomea kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mwanachama alifika akiwa nadhifu, vifungo vyote vimefungwa. Alipoulizwa hali yake, mwenyewe alisema hajambo. Maumivu aliyaeleza kuwa ni kidogo. Aliweza kuinua chupa na kuokota kalamu sakafuni.

Kinyozi aliruka kitini. "Vifungo nilifunga mimi! Mimi, kwa mikono hii! Na kuna mtu gani akiulizwa hujambo akasema ninajambo?"

"Najua, baba," wakili alisema. "Ila alichoandika ni kweli tupu. Ndiyo maana ni vigumu kukipinga."

Kola alikuwa ameinamisha kichwa. Aibu aliyoiona haikuwa ya kusema uongo, kwa sababu hakuwa amesema uongo. Ilikuwa ya mtu aliyekabidhiwa kitu kidogo kabisa kikamponyoka. "Nisamehe, mwanangu," alimwambia wakili. "Ulinifundisha vizuri."

Wakili hakumlaumu. Aliandika rufaa kwenda kwa kamati ya mfuko, akaambatisha maelezo ya daktari wa hospitali, ya msimamizi wa dobi, na picha za mikono zilizopigwa alfajiri vidole vikiwa vimejikunja kama kucha za ndege. Akaomba mume aje kutoa ushahidi wa maisha ya nyumbani. "Sema yote," alimwagiza. "Usibakize kitu. Mama hawezi kujisemea, umsemee wewe."

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye zulia na meza ndefu, watu watano na jagi la maji. Mwenyekiti wake alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani. Mwanasheria wa kampuni ya bima, kijana mtanashati, aliwavutia Kola na mumewe viti kabla ya kukaa chake. Hakuwa na uso wa adui. Hilo lilimsumbua Kola zaidi.

Kinyozi alisimama. Wakili wake alitegemea angeanza na mzaha, na hata mkewe alijiandaa kuona haya kwa mzaha huo. Haukuja.

"Mimi ndiye ninayemfunga vifungo," alisema. "Ninamchana nywele. Ninamkatia chakula, na asubuhi ninamlisha, mkono haufiki mdomoni. Mlango ukifungwa kwa komeo naye yuko ndani, hatoki mpaka nirudi. Ninamwogesha." Alisita, akamtazama wakili, akaendelea. "Na chooni ninamsaidia mimi. Kila kitu. Kama mtoto."

Wajumbe waliangalia makaratasi yao. Kola aliangalia jagi. Pale chumbani hakuna aliyemtazama, lakini alijiona amevuliwa nguo zote, na aliyemvua ni mtu ambaye kila asubuhi ndiye anayemvisha.

Mwanasheria wa bima alikohoa. "Pole sana, mzee. Nina maswali machache tu. Mkeo anaona vizuri?"

"Anaona."

"Anasikia? Anazungumza vizuri?"

"Vizuri."

"Anasoma na kuandika?"

"Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mimi."

"Kwa hiyo anaweza kukaa mahali, akapokea simu, au akawasimamia wenzake na kuwaelekeza kazi anayoijua?"

Kinyozi alifikiri. Alikuwa ameapa kusema kweli. "Anaweza. Lakini nani kampa?"

"Jibu swali tu, baba," alisema mwenyekiti, bila ukali.

"Nimejibu, mheshimiwa. Anaweza."

Wakili alisimama akatetea kwa nguvu. Alisema mwanamke wa umri ule, mwenye elimu ya msingi na mikono isiyoshika kalamu, hakuna ofisi itakayomweka mezani. Alisema kazi ya kwenye karatasi si kazi. Alitetea mpaka shingo ikamtoka mishipa, na wajumbe walimsikiliza kwa makini, wakaandika, wakashukuru.

Njiani kurudi, mke na mume walitembea mpaka walipofika kwenye uzio wa shule.

"Ungeniambia kwanza kwamba utalisema la chooni," Kola alisema.

"Wakili alisema tuseme yote."

"Najua alichosema wakili."

Uamuzi ulichukua muda mrefu, na ulipofika wakili hakutaka kuwaambia kwa simu. Walipoingia tu ofisini, Kola alijua. Wakili alikuwa amevaa viatu.

"Wamekubali kwamba unaumwa, mama," alisema. "Wamekubali na aliyosema baba, neno kwa neno. Ila wamesema mkataba unataka mtu asiyeweza kazi yoyote, na wewe unaweza kusimamia au kupokea simu."

Kola alisogea mbele kidogo. "Kwa hiyo watanipa hiyo kazi?"

"Hapana, mama. Si jukumu lao kukupa. Wanasema tu kwamba ipo."

"Ipo wapi?"

Wakili alisogeza jalada moja, akalirudisha palepale. Safari hii hapakuwa na pikipiki ya kumsitiri.

Kesho yake, bila kumwambia mtu, Kola alikwenda hotelini. Moyoni alikuwa amepanga maneno: hataki mshahara mkubwa, atakaa kwenye kiti pembeni, atawafundisha wasichana namna ya kuanza na kola kabla ya mabega, na pasi isikae mahali pamoja. Mlinzi wa mlango wa nyuma alikuwa mgeni, akamuuliza anataka nini. Alimtaja msimamizi wa dobi.

"Hakuna dobi hapa, mama. Nguo zinapelekwa nje siku hizi, kuna kampuni inakuja kuzichukua."

Kwa kumwonea huruma alimruhusu achungulie. Mashine ya roli ilikuwa imeng'olewa. Mahali pake paliachwa boliti nne zilizotokeza sakafuni na weupe wa saruji ambayo haikuwa imeona mwanga. Chumba kilikuwa kimejaa viti vya ukumbini vilivyopandana. Kilikuwa kikavu, na kilinuka vumbi.

Ilibaki mahakama. Wakili alikuwa tayari kwenda, ila aliwaeleza kwamba kesi ingeweza kula miaka, na kampuni ya bima haichoki. Upande wa pili, mfuko ulikuwa umesema Kola anaweza kuchukua akiba yake mwenyewe sasa hivi, mradi asaini kuwa hana dai lingine lolote juu yao, hata la bima.

"Kwa sheria, ningekuambia usisaini," wakili alisema. "Lakini si mimi ninayelala kwenu. Siwezi kukuambia usubiri ilhali sina cha kukupa ukisubiri."

Kodi ya nyumba ilikuwa imelala, dawa zilikuwa zikinunuliwa kwa kuruka siku, na kinyozi siku hizi alifungua kibanda mchana kwa kuwa asubuhi ilikuwa ya mkewe; wateja wa asubuhi walishapata kinyozi mwingine. Hawakubishana. Wakakubaliana asaini.

Kwenye dirisha la mfuko, karani mwenye kucha ndefu za rangi alimsukumia Kola karatasi na kalamu. Kalamu ilidondoka mara mbili. Mara ya tatu aliishika kwa viganja, akaandika jina lake, na likatoka kama nyuzi zilizokatika. Karani alililinganisha na saini ya zamani iliyokuwa kwenye jalada, ile ya msichana wa mashuka, yenye mikia na vitanzi.

"Haifanani, mama. Hujui kuandika? Weka dole gumba tu."

"Naandika," alisema Kola.

"Ndiyo, lakini weka dole."

Dole gumba lilikataa kulala. Karani, akitaka kusaidia, alilikamata akalikandamiza juu ya wino. Kola alipiga ukelele. Ukumbi mzima ukageuka. Hata mumewe, aliyemwogesha na kumvisha siku zote hizo, hakuwa amewahi kuisikia sauti ile. Karani aliachia mkono kama aliyeguswa na umeme, akasema pole, pole sana mama. Alama ilikuwa imevurugika, hivyo wakachukua karatasi nyingine na kurudia.

Fedha ile ilifanya zinachofanya fedha za namna hiyo. Ilimlipa mwenye nyumba, ikanunua dawa, ikamsukuma mtoto mmoja aliyekuwa amekwama, na kabla mwaka haujageuka ikawa habari iliyopita. Wakili alihamishiwa ofisi ya mji mwingine. Alipiga simu kuaga, akataka kusema kitu zaidi, Kola akamwombea safari njema.

Sasa Kola hushinda kibandani kwa mumewe, kwenye kiti cha kona, maana hapendi kubaki nyumbani na mlango asioweza kuufungua. Wateja humwita shemeji. Humsalimia, humpisha upepo wa feni, na wanaomwona kwa mara ya kwanza huitazama mikono yake halafu hutazama kioo. Kinyozi bado huchekesha, ila si kila siku, na wateja wamezoea.

Juzi aliingia mteja mgeni, mtu wa heshima, mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Alipokuwa akinyolewa alimwona Kola kwenye kioo, akauliza, akaelezwa kidogo.

"Shemeji," alisema kwa furaha ya mtu aliyebeba habari njema, "kwani mfuko wa pensheni hukuwa nao? Mle ndani kuna bima ya ulemavu. Wengi hawajui. Kuna hata ofisi za mawakili wa bure wanasaidia. Hujawahi kusikia?"

Kinyozi alizima mashine. Kola akamtangulia.

"Nimewahi kusikia, baba."

"Basi ngoja nikueleze utaratibu," mteja alisema, akajiweka sawa kitini, akaanza tangu mwanzo: nenda mfuko, uliza fomu, zipeleke kwa mwajiri zipigwe muhuri. Kinyozi aliwasha tena mashine akarudi kwenye kisogo chake. Kola alimsikiliza mpaka akamaliza.